Kuchelewa si kosa la mlipakodi peke yake: siku za sheria zimfunge na mtoza kodi

Kuna namna mbili za kushindwa kesi ya kodi. Ya kwanza, hakimu anasoma dosie yote, anasikiliza pande mbili, kisha anasema: kodi hii unadaiwa, lipa. Hiyo inauma, lakini ni hukumu. Ya pili, hakimu anaangalia tarehe mbili tu, siku karatasi ilipopokelewa na siku malalamiko yalipowekwa, kisha anasema: umechelewa. Hapo hakuna anayejua kama ile kodi ilikuwa ya haki ama hapana. Inalipwa hivyohivyo.

Kwa mfanyabiashara wa Pepa, hii namna ya pili ndiyo ya kuogopa zaidi. Pepa iko juu, kwenye milima ya Marungu, na watu wa Moba na Kalemie wanaijua kwa ng'ombe. Mwenye kununua mifugo huko anashuka mpaka ziwani, anapakia kwenye boti, anauza Kalemie ama anavuka upande wa Tanzania. Biro zinazotoza kodi kubwa ziko mjini. Majaji wa rufaa wako mbali zaidi: kabla ya jimbo la Tanganyika kuzaliwa mwaka 2015, tulikuwa sehemu ya Katanga, na rufaa zetu zilikuwa zinakwenda Lubumbashi. Barua ikiachwa kwenye depo ya Kalemie wakati mwenye mali yuko mlimani anatafuta ng'ombe, siku zinaanza kuhesabiwa bila yeye kujua. Kipindi cha mvua barabara ikikatika, siku hazisimami kumngoja.

Kuna jambo la pili linalokuja pamoja na hilo. Biashara nyingi za kwetu zinaendeshwa kwa ushirika wa mdomo. Mmoja anatoa feza, mwingine anapanda mlima kununua ng'ombe, wa tatu anapokea mzigo mjini na kuuza. Biashara ikienda vizuri, wote ni ndugu. Karatasi ya kodi ikifika, kila mmoja anasema: mimi si mwenye biashara, muulize yule. Na wakati wanabishana nani aende kujibu, siku za kulalamika zinaisha.

Maoni yangu ni haya. Majaji wana haki ya kuwa wakali juu ya siku. Lakini ukali huo ni haki tu ikiwa siku zinahesabiwa toka tarehe ambayo karatasi ilimfikia mtu kweli, na ikiwa zinamfunga pia mtumishi wa kodi kama zinavyomfunga mlipakodi. Kwetu Congo sharti hilo la pili bado halijatimia, na bunge linapaswa kulishughulikia.

Njia ya malalamiko inavyokwenda

Katika nchi yetu, taratibu za kodi zinaongozwa na sheria namba 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003. Mtu asiyekubali kodi aliyopangiwa haendi moja kwa moja mbele ya hakimu. Anaanza kwa kuandika malalamiko kwa biro yenyewe ya kodi, yale yanayoitwa kwa Kifaransa «réclamation». Karatasi inayoanzisha mambo yote ni «avis de mise en recouvrement», ambayo watu wanaiita AMR kwa ufupi. Ukiipokea hiyo, ujue kwamba saa imeanza kutembea.

Malalamiko yakikataliwa, hapo ndipo njia ya majaji inafunguka, na ni majaji wa ngazi ya rufaa, si tribinali ya amani iliyo karibu na soko. Kitu cha kwanza wanachoangalia si kama hesabu ya kodi ni sawa. Wanauliza kwanza kama malalamiko yanapokeleka: yaliandikwa? Yaliwekwa ndani ya siku zilizopangwa? Yalipitia kwa biro ya kodi kwanza? Jibu moja likiwa hapana, dosie inafungwa. Maneno «hors délai» ama «forclusion» yakiandikwa katika hukumu, maana yake ni hiyo: hatukukusikiliza kwa sababu ulikuja nyuma ya siku.

Mtu anaweza kusema huo ni ujanja wa kulinda serikali. Mimi sioni hivyo. Kodi ndiyo inalipa mwalimu na muuguzi. Ikiwa kila mtu anaweza kurudi baada ya miaka sita kusema alionewa, hakuna jimbo linaloweza kupanga bajeti. Tena, siku zilizopangwa zinamlinda mdogo mbele ya mkubwa: mwenye avoka na asiye na avoka wanapewa siku zilezile. Zikianza kulegezwa bila kanuni, watakaonufaika wa kwanza ni wenye kujuana na wakubwa.

Jirani zetu wanavyopima kuchelewa

Wafanyabiashara wetu wanavuka ziwa kwenda Kigoma, kwa hiyo tuanze na Tanzania. Sheria yao ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2015 inampa mtu siku 30 za kupinga uamuzi wa kodi. Tena inamtaka alipe kwanza ile sehemu asiyoibishia ama theluthi moja ya kodi, yoyote iliyo kubwa. Asiporidhika na jibu, anakwenda kwenye bodi ya rufaa za kodi, kisha baraza la rufaa, na mwisho Mahakama ya Rufani.

Mtu akichelewa, majaji wa Tanzania wana kipimo ambacho mawakili wao wanakijua kwa moyo. Kilitolewa katika kesi ya kampuni ya ujenzi ya Lyamuya, ombi namba 2 la mwaka 2010. Mwombaji aeleze muda wote aliochelewa. Kuchelewa kwenyewe kusiwe kwa kupita kiasi. Aonyeshe kwamba alifanya bidii, hakuwa mzembe. Na kama kuna sababu nyingine nzito, kwa mfano uamuzi unaopingwa una kosa la wazi la kisheria, hiyo nayo iangaliwe. Mahakama hiyohiyo ilishasema katika kesi nyingine kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo.

Huo ni ukali, lakini ni ukali wenye mlango. Sheria yenyewe ya rufaa za kodi ya Tanzania inataja sababu zinazoweza kukubaliwa: mtu hakuwepo nchini, alikuwa mgonjwa, ama sababu nyingine ya maana. Fikiria faida ya maneno hayo kwa mtu wa ziwani. Aliyevuka maji kwa biashara ana cha kuonyesha: tiketi ya boti, muhuri wa uhamiaji, risi ya mzigo. Hamwambii hakimu «nilikuwa safarini» kwa mdomo tu.

Kenya nao wanakwenda hivyo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, katika kesi ya uchaguzi iliyoletwa na mwanasiasa Nicholas Salat, ilipanga kanuni ambazo tangu hapo zinatumiwa hata katika kesi za kodi. Kuongezewa muda si haki ya kila mtu, ni msaada ambao hakimu anampa anayestahili. Mwombaji ndiye mwenye mzigo wa kueleza. Kila kesi inaangaliwa kwa hali yake. Na hakimu anauliza pia kama upande wa pili utaumia.

Uganda wamepanga mpaka wa mwisho: ombi la kuongezewa muda mbele ya baraza lao la rufaa za kodi lisivuke miezi sita tangu uamuzi wa kodi ulipotolewa. Baada ya hapo, hata sababu nzuri haisaidii.

Na kama mtu anafikiri mambo haya ni ya nchi masikini tu, aangalie Marekani. Boechler, biro ndogo ya mawakili katika jimbo la North Dakota, ilipigwa faini ya dola 19,250 na mamlaka ya kodi. Ilikuwa na siku 30 za kwenda mahakama ya kodi. Ilituma ombi lake siku moja nyuma ya mwisho. Mahakama za chini zikafunga mlango. Tarehe 21 Aprili 2022 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote kwa sauti moja, ikasema kwamba siku zile 30 si ukuta usiopitika. Hakimu ana uwezo wa kusikiliza sababu ya kuchelewa kama inastahili. Majaji hawakusema biro ile imeshinda. Walisema tu isikilizwe kama ina sababu. Na hilo ndilo mlipakodi wa kwetu anapaswa kuomba, si zaidi.

Umbali ukithibitishwa, uwe sababu

Kwa hiyo, nini kingekuwa haki kwa mtu wa Pepa? Hakimu asikubali neno «niko mbali» kama kisingizio cha kila siku. Anayefanya biashara mjini ana wajibu wa kuacha mtu wa kumpokelea barua. Lakini umbali uliothibitishwa, barabara iliyokatika na inayojulikana, ugonjwa wenye karatasi ya daktari, hali ya usalama iliyofunga njia, hayo yote yapimwe. Watu wa Tanganyika wameishi miaka ya vita na kukimbia makwao. Kusema kwamba siku za sheria zinatembea sawasawa kwa mtu aliye kwenye kartie ya mjini na kwa mtu aliyekimbia kijiji chake ni kusahau tunaishi wapi.

La msingi zaidi ni kupokea karatasi. Mtumishi wa kodi akisema mbele ya hakimu «tulimpelekea», asiaminiwe kwa neno lake tu. Nani alipokea? Tarehe gani? Sahihi ya nani? Kama karatasi ilipewa mlinzi wa depo, ama kijana wa kubeba mizigo, hakimu ajiulize kama yule kijana alikuwa na mamlaka ya kupokea. Pasipo alama ya kupokea, siku zisianze kuhesabiwa. Hapo hatuombi huruma. Siku haiwezi kuhesabiwa kama haina mwanzo.

Na karatasi ile imeandikwa kwa lugha gani? Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 1, inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa ambazo serikali inapaswa kuziendeleza. AMR inakuja kwa Kifaransa. Muuza ng'ombe anayejua kuhesabu feza vizuri kuliko watu wengi wa mjini anaweza kuiweka chini ya godoro akidhani ni risi. Kuongeza mistari mitatu ya Kiswahili chini ya karatasi hiyo, inayosema «hii ni karatasi ya kodi, una siku kadhaa za kulalamika, malalamiko peleka hapa», hakuhitaji sheria mpya wala feza nyingi. Biro ya kodi yenyewe inaweza kuamua leo.

Kimya cha biro ya kodi

Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa kati yetu na jirani. Mtu wa Kenya akipeleka pingamizi iliyokamilika, kamishna wa kodi ana siku 60 za kujibu. Zikipita bila jibu, sheria ya 2015 inasema pingamizi limekubaliwa. Mlipakodi ameshinda. Uganda ni siku 90: zikipita bila uamuzi, mlipakodi anaweza kuandika barua kusema ninahesabu kwamba mmenikubalia.

Majaji wa Kenya hawakuiacha kanuni hiyo kwenye makaratasi. Mwaka 2021, katika kesi ya Equity Group Holdings dhidi ya kamishna wa kodi za ndani, Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema siku 60 ni za lazima, na uamuzi uliotolewa nyuma yake hauna nguvu. Wasomaji wa Congo wanaijua Equity: ndiyo yenye EquityBCDC. Lakini kanuni iliyotumika kwa benki kubwa ni ileile anayoweza kuitumia muuza samaki wa Kisumu.

Kwetu ni kinyume. Biro ya kodi ikinyamaza mpaka muda wake upite, kimya hicho kinahesabiwa kuwa ni kukataa. Sina budi kuwa wa haki: kanuni hiyo ina faida yake. Inamwezesha mtu kwenda kwa hakimu bila kungoja jibu lisilokuja. Kama kimya kisingekuwa na maana yoyote, biro ingeweza kukuweka mlangoni miaka kumi.

Shida ni kwamba kimya hakigongi mlango. Hakuna barua inayokuja kusema «leo tumekukataa kwa kunyamaza, siku za kwenda kwa hakimu zimeanza». Mtu anaendelea kungoja akidhani dosie yake inasomwa, kumbe siku zake za pili zinaisha. Anachelewa kwa sababu alikuwa na heshima ya kungoja jibu la serikali. Kisha serikali ileile inasimama mbele ya majaji na kusema: huyu amechelewa.

Basi bunge la taifa lichague. Ama tufanye kama Kenya, kimya cha ofisi kimpe mlipakodi ushindi. Ama, kama hilo linaonekana ni zito kwa hazina ya serikali, tuseme angalau hivi: pale ofisi iliponyamaza, siku za kwenda kwa hakimu zisianze mpaka mlipakodi aandikiwe kwamba amekataliwa. Nani ataumia kwa hilo? Ofisi inayojibu barua zake kwa wakati haitapoteza hata franga moja.

Ushirika wa mdomo mbele ya hakimu

Sasa tuje kwenye jambo la pili. Congo iliingia kwenye OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, na tangu tarehe 12 Septemba 2012 sheria hizo zinatumika hapa. Pasipo tribinali ya biashara, kesi hizi zinakwenda tribinali kubwa ya mahali. Sheria ya makampuni ya OHADA, iliyorekebishwa tarehe 30 Januari 2014, ina kifungu kinachomhusu kila mtu wa Pepa, ingawa wengi hawajakisikia: kifungu cha 864.

Kifungu hicho kinasema hivi kwa maana yake: watu wawili ama zaidi wakijiendesha kama washirika, bila kuandikisha kampuni yoyote, sheria inaweza kuwaona wana kampuni iliyozaliwa kwa matendo yao. Kwa Kifaransa ni «société créée de fait». Yeyote mwenye faida katika jambo hilo anaweza kumwomba hakimu aitambue, na ushahidi wa kila aina unapokelewa. Hakuna lazima ya karatasi ya notere.

Hakimu akishaitambua, kila mshirika anajibu madeni yote ya biashara, hata kwa mali yake ya nyumbani. Si nusu kwa nusu. Mdai anaweza kumfuata yule mwenye mali peke yake na kumlipisha yote, kisha yeye na mwenzake watafutane.

Ndiyo maana ubishi huu si wa maneno. Tuseme mtu wa Kalemie alitoa dola 5,000, mwenzake wa Pepa akanunua ng'ombe, wakauza na kugawana faida kwa miaka mitatu. Yule wa Kalemie ni nani kwa sheria? Anaweza kuwa mmoja wa watu watatu.

Anaweza kuwa mkopeshaji: alitoa feza arudishiwe, hata kama biashara itakufa. Anaweza kuwa bwana wa biashara, na yule wa Pepa ni mtu wake wa kumnunulia, analipwa komisio. Ama anaweza kuwa mshirika kweli: ameweka mtaji, anagawana faida, na hasara pia ni yake.

Hakimu mzuri haangalii jina walilojipa. Anauliza maswali ya kawaida. Ng'ombe wakifa njiani, nani alibeba hasara? Nani alikuwa anaamua bei? Nani alikuwa anajulikana kwa wauzaji kama mwenye mali? Faida iligawanywa namna gani, na ujumbe wa simu unasema nini? Siku hizi feza nyingi zinapita kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Rekodi hizo ni ushahidi kuliko viapo vya watu kumi.

Kugawana faida peke yake hakutoshi kumfanya mtu mshirika. Hilo lilishaamuliwa zamani sana huko Uingereza, mwaka 1860, katika kesi ya Cox na Hickman. Wenye kudai kiwanda cha chuma walikubali kiendelee kufanya kazi ili walipwe madeni yao kutoka kwenye faida. Watu wengine wakataka kuwalipisha madeni mapya ya kiwanda wakisema nyinyi mnakula faida, basi nyinyi ni wenye kiwanda. Baraza la Malodi likakataa: kula faida si sawa na kuendesha biashara. Kenya na Tanzania zilirithi mawazo hayo ya Kiingereza. Kwa OHADA nako, hakimu anatafuta mambo yote kwa pamoja: mtaji ulioletwa, faida na hasara kugawanywa, na nia ya kufanya kazi kama washirika.

Kuna jambo moja ambalo majaji wasilivumilie: mtu kubadilisha maneno kufuatana na ofisi aliyomo. Mbele ya mtoza kodi anasema «mimi ni mtumishi tu, biashara si yangu». Mwaka unaofuata, mwenzake akikataa kumpa faida, anakwenda tribinali na kusema «sisi ni washirika nusu kwa nusu». Mtu huyo achague. Aliyekimbia mzigo wa kodi kwa kukataa ushirika asirudi kudai matunda ya ushirika uleule. Na upande wa pili vilevile: tajiri wa mjini anayechukua faida yote kwa jina la mwenye biashara asiruhusiwe kumsukumia kodi kijana wa mlimani eti kwa sababu risi za soko zina jina la yule kijana.

Ubishi wa washirika unavyokula siku

Hapa mambo mawili yanakutana. AMR inakuja kwa jina moja. Mwenye jina hilo anasema mwenzangu ndiye mwenye biashara, aandike yeye. Mwenzake anasema jina si langu, mimi sitii sahihi. Mwezi unapita, miezi inapita. Siku wanapopatana, ama mmoja anapochoka, malalamiko hayapokeleki tena.

Wakifika mbele ya hakimu, watasema: tulichelewa kwa sababu hatukujua nani ni mwenye kodi. Kwa maoni yangu, hakimu asilikubali hilo. Ubishi wa ndani ya nyumba si sababu ya kuchelewa. Mtu yeyote ambaye jina lake liko kwenye karatasi angeweza kuandika malalamiko kwanza, kisha wagombane baadaye. Na sababu yenyewe, «kodi hii si yangu, ni ya fulani», ni hoja nzuri ya kuandika ndani ya malalamiko. Haihitaji kungoja.

Lakini hakimu asimame imara kwa upande mwingine pia. Kama biro ya kodi inataka kumlipisha mtu wa pili ambaye hakuandikwa kwenye karatasi, ikisema ni mshirika wa matendo, basi huyo mtu wa pili apelekewe karatasi yake, na siku zake zihesabiwe toka hapo. Haiwezekani mtu aambiwe leo kwamba ni mshirika, na palepale aambiwe kwamba siku zake za kulalamika ziliisha mwaka jana.

Kazi yetu na kazi yao

Kwa upande wetu wafanyabiashara, kuna mambo ambayo hayangoji bunge. Ukipokea karatasi ya kodi, andika tarehe juu yake palepale, na uhifadhi hata bahasha. Kwanza angalia kama kodi hiyo ipo: katiba, kifungu cha 174, inasema hakuna kodi isiyowekwa na sheria, na kodi za majimbo na za maeneo zimeorodheshwa katika amri-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Peleka malalamiko kwa maandishi na udai alama ya kupokea kwenye nakala yako. Biro ikinyamaza, usikae. Hesabu siku kwenye kalenda na umwone avoka mapema.

Kwa ushirika, karatasi moja ya daftari inatosha kuanza: nani ameleta nini, faida itagawanywa namna gani, hasara ni ya nani, kodi italipwa na nani, nani anapokea barua za serikali. Wote watie sahihi mbele ya mashahidi wawili. Mtu anayekataa kuandika hayo na ndugu yake siku ya amani, atayaeleza mbele ya hakimu siku ya ugomvi. Na ukumbuke kwamba madai yanayotokana na biashara, kwa sheria ya OHADA, yanakufa baada ya miaka mitano.

Kwa upande wa serikali, ninaomba mambo matatu. Karatasi ya kodi iwe na maneno ya Kiswahili na alama ya kupokea. Kimya cha ofisi kisigeuke mtego wa siku. Na majaji watoke kwenye mji: Congo ina desturi ya «audiences foraines», majaji kusafiri mpaka mahali watu walipo, ambayo imetumika sana kwa kesi za jinai nzito. Kwa nini isitumike mara moja kwa mwaka kwa kesi za kodi na biashara, huko ambako ng'ombe na mazao yanatoka?

Katiba, kifungu cha 19, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa na hakimu wake ndani ya muda unaofaa. Tumezoea kusoma maneno hayo kama amri kwa mlipakodi asichelewe. Yasomwe pia kama amri kwa serikali: isimcheleweshe mtu kwa kunyamaza, kisha ikamhukumu kwa kuchelewa.